Shajara ya mradi: mafunzo ya wahudumu wa wazee na watu wenye ulemavu, kundi la kwanza

Wiki ya 1

Tumeanza. Tuko wanne: muuguzi aliyestaafu baada ya miaka mingi wodini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mshauri wetu ambaye ametumia kiti cha magurudumu tangu utotoni na anaishi kwa msaada wa wahudumu, na mimi ninayeratibu na kuandika. Kazi yetu ni kuandaa mafunzo kwa watu wanaotaka kuifanya ajira kazi ya kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu, kuyafundisha kwa kundi moja, kisha kuyarekebisha kabla ya kundi la pili. Naandika shajara hii kwa ajili ya wengine wanaofikiria kufanya kama sisi, nao wapate pia yale yaliyotushinda.

Swali la kwanza lililotukalisha mezani ni urefu wa mafunzo. Tulitazama wenzetu. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1987 ndiyo iliyoweka kiwango cha chini cha saa 75 kwa msaidizi wa muuguzi katika nyumba za wazee. Japani, kozi ya kuingilia kazi ya utunzaji ni ya saa 130. Australia, anayesomea cheti cha ngazi ya tatu katika fani hii hutakiwa kufanya saa 120 za kazi halisi. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: tangu 2020, uuguzi wa wazee umeunganishwa na uuguzi mwingine katika mafunzo ya miaka 3. Ukiziweka namba hizi pamoja unaona kwamba dunia haijakubaliana kama hii ni kazi ya kuokota au ni fani. Sisi tunaamini ni fani. Tumepanga saa 280: 160 darasani na kwenye chumba cha mazoezi, na 120 vituoni na majumbani kwa watu.

Wiki ya 2

Wiki hii imekwenda yote kwenye maneno, na sijutii.

Nilibandika ukutani orodha ya masomo. Mshauri wetu aliisoma kimya, akaomba kalamu, akapigia mstari: kulisha, kunywesha, kuogesha, kuvisha, kulaza, kukalisha. "Hebu tazama vitenzi vyako vinavyoishia," akaniambia. "Mhudumu analisha, anaogesha, anavisha. Mimi nimo wapi humo?"

Nimekisema Kiswahili maisha yangu yote na sikuwa nimeliona hilo. Ukisema "amemvisha shati", mtendaji ni mmoja tu. Mwingine ni wa kutendewa, sawa na kitanda kilichotandikwa. Mwanagenzi anayefundishwa kwa vitenzi hivyo kuanzia siku ya kwanza atafika kazini akiwa ameshaamini kwamba kazi yake ni kumfanyia mtu kila kitu, tena haraka.

Basi nikakaa siku nzima nikabadilisha. Kulisha ikawa kusaidia kula, kuvisha ikawa kusaidia kuvaa, kulaza ikawa kusaidia kwenda kulala. Muuguzi hakupendezwa. "Mtu hajitambui, yuko kitandani, mdomo ameufungua kidogo tu. Huyo namsaidiaje kula? Namlisha." Tukabishana hadi jioni. Hoja yake nzito, lakini tumekubaliana vichwa vyote vya masomo vibadilike, kisha tuone.

Kwenye utangulizi nimeweka kifungu cha 19 cha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006. Kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii na kuchagua aishi wapi na aishi na nani, sawa na wengine. Nimekiweka mapema kwa makusudi. Mwanagenzi akifika kwenye somo la kuoga, ajue kwamba saa ya kuoga nayo ni uchaguzi wa mtu.

Wiki ya 4

Chumba cha mazoezi kimekamilika, karibu chote. Kuna vitanda viwili, kimoja cha kupanda na kushuka. Viti vya magurudumu vitatu. Fimbo, magongo, mshipi wa kiunoni wa kumshikia mtu anaposimama, shuka la kutelezesha, na mashine ya kumnyanyulia mtu yenye mikanda ya saizi mbili. Mashine imeletwa bila mkanda wa saizi ya kati. Mtaalamu wa mazoezi amekataa katakata tuitumie kwa watu wa saizi hiyo mpaka mkanda ufike: mkanda mkubwa kwa mwili mdogo, mtu huchomoka, mdogo kwa mwili mkubwa, humbana na kumminya mapaja. Amebandika karatasi juu ya mashine kwa maandishi makubwa.

Wiki ya 5

Wanagenzi 14 wameripoti. Wengine wamewauguza wazazi wao miaka mingi, wengine wametoka shule juzi, mmoja alikuwa fundi seremala na sasa mgongo haumruhusu.

Somo la kwanza lilikuwa la kumwita mtu. Nilidhani ni la nusu saa. Limechukua asubuhi nzima.

Karibu wote walisema mzee ataitwa "bibi" au "babu", hiyo ndiyo heshima. Tulikuwa tumemwalika mama mmoja wa miaka 81, mwalimu mstaafu. Akasikiliza, halafu akasema: "Wajukuu zangu huniita bibi, na nafurahi. Lakini mtu nisiyemjua anayeingia chumbani kwangu asubuhi kunivua nguo, huyo aniite Mwalimu. Nimefundisha miaka 34." Kisha akaongeza kwamba kinachomuudhi zaidi ni kusemeshwa kitoto, "tukale sasa, eeh, tufungue mdomo." Wanagenzi wawili walitazama chini.

Kanuni tuliyoandika ubaoni: amkia kwanza, jitambulishe, uliza anapenda kuitwaje, andika jibu kwenye karatasi yake ili wa zamu ya jioni asiulize tena.

Mshauri akaendelea na majina ya ulemavu. Kiswahili cha zamani kiliwaweka watu wengi kwenye ngeli ya vitu: kipofu, kilema, kiwete, kibogoyo. Wapo wanaotaka maneno hayo yatupwe yote, na yapo yanayostahili kutupwa, "taahira" likiwa la kwanza. Lakini viziwi wengi hujiita viziwi wenyewe, kwa fahari, kwa sababu wana lugha yao ya alama na jumuiya yao. Ukimwita mmoja wao "mwenye matatizo ya kusikia" unaweza kuwa umemkosea. Jibu likawa lilelile la yule mwalimu: muulize.

Mikono tumeifundisha siku ya tatu. Sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, 20 hadi 30 kwa dawa yenye spiriti, na zile nyakati tano za kuinawa zilizotajwa na Shirika la Afya Duniani. Wameishika upesi.

Wiki ya 6

Kijiko.

Tuliwapanga wawiliwawili. Mmoja amefungwa macho kwa kitambaa, ameketi, mikono mapajani, hairuhusiwi kuitumia. Mwingine ana bakuli la chakula laini, kijiko na glasi ya maji. Hatukuwapa maelekezo yoyote.

Nilisimama karibu na jozi ya dirishani. Mhudumu alikuwa amesimama. Kijiko kilitoka juu, kikagonga meno ya mbele. Mwenzake akarudisha kichwa nyuma, akakifuata kijiko kwa kidevu kama kifaranga. Kijiko cha pili kilifika kabla cha kwanza hakijamezwa. Mhudumu akageuka kumwambia wa pembeni jambo, kijiko kikabaki hewani, na yule aliyefungwa macho akabaki na mdomo wazi akingoja. Hakujua kijiko kiko wapi. Kilipokuja cha tatu, akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakalowesha kitambaa.

Muuguzi akasimamisha darasa. Akamwacha yule kijana apumue na anywe maji mwenyewe, ndipo akaanza kufundisha, na hapakuwa na aliyesinzia.

Mtu aketi wima, nyayo zikanyage sakafu au ubao wa kiti. Mhudumu naye aketi, macho yao yawe usawa mmoja. Kijiko kitoke chini, kidevu kisiinuke, maana kichwa kikirudi nyuma njia ya hewa hubaki wazi na chakula huteremka kabla koo halijawa tayari. Tazama koo likipanda na kushuka, hapo amemeza. Kwa aliyepata kiharusi, angalia shavu la upande dhaifu, chakula hujificha humo bila yeye kuhisi. Abaki ameketi walau dakika 30 baada ya kula. Na jambo la kuogofya kuliko kikohozi ni kukosekana kwa kikohozi: wapo ambao chakula huwaingia njia ya hewa kimyakimya. Dalili yake ni sauti inayogeuka kuwa ya majimaji baada ya kumeza, au homa na vichomi vinavyorudi mara kwa mara.

Tulifanya pia vinywaji vilivyotiwa unga wa kuvifanya vizito. Uzito wake huamuliwa na mtaalamu wa kumeza, si mhudumu, lakini mhudumu ndiye anayekoroga, kwa hiyo ajue kupima. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI, unaopanga vyakula na vinywaji kwa ngazi za uzito, una kipimo rahisi: bomba la sindano la mililita 10 bila sindano, ziba mdomo wake kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, tazama kilichobaki. Maji matupu huisha karibu yote. Ikibaki kati ya 1 na 4 ni ngazi ya kwanza, kati ya 4 na 8 ni ya pili, zaidi ya 8 ni ya tatu. Majibu yetu ya siku ya kwanza hayakulingana kabisa. Mabomba hayafanani: alama kuanzia 0 hadi 10 lazima ziwe na urefu wa milimita 61.5, na yetu yalikuwa mafupi na manene. Tumebadilisha mabomba.

Mwisho wa siku niliwauliza walioketi wamefungwa macho walitaka nini zaidi. Sikusikia hata mmoja akitaja chakula. Walitaka kuambiwa: sasa kinakuja, sasa ni maji, bado vijiko viwili.

Wiki ya 7

Ngozi. Kila mwanagenzi amelala chali kwenye ubao mgumu wenye blanketi jepesi, bila kujigeuza, dakika 30. Dakika ya 12 ndipo wa kwanza alianza kulalamikia kisigino. Kufikia dakika ya 20 chumba kizima kilikuwa kinazungumzia mfupa wa juu ya matako. Fundi seremala akasema, "Na mimi ninaweza kuinuka."

Vitabu vingi tulivyokuwa navyo vinafundisha dalili ya kwanza ya kidonda cha kitandani kuwa wekundu usiofifia ukiubonyeza. Muuguzi alikichukua kitabu kimoja akakiweka pembeni. "Wekundu huu mtauona kwa nani?" Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Sehemu inaweza kuwa na weusi uliozidi, au kuelekea zambarau, au kung'aa tu. Kwa hiyo akawafundisha kutumia mgongo wa mkono: gusa, je, pana joto au ubaridi kuliko pembeni yake? Bonyeza taratibu, pamekuwa pagumu, au pamekuwa teketeke? Linganisha nyonga na nyonga, kisigino na kisigino. Muulize mwenyewe kama panauma. Kila mmoja akapita mkono juu ya visigino vya mwenzake huku amefumba macho.

Nadhani somo hili peke yake lingetosha kuhalalisha mradi mzima. Kidonda kikishafunguka hadi nyama au mfupa, uponyaji wake ni wa miezi, na kidonda huanza pale ambapo hakuna aliyegusa.

Saa mbili kwa saa mbili ndiyo desturi ya kumgeuza mtu, lakini si sheria kwa kila mwili. Ndiyo maana kuna vipimo kama kile cha Braden cha 1987, chenye mambo 6 ya kuangalia, ambacho alama zake zikishuka hadi 18 au chini, mtu anahesabiwa kuwa hatarini. Anayekaa kwenye kiti anahitaji kupunguza uzito makalioni mara nyingi zaidi ya hapo, na mshauri wetu akawaonyesha anavyofanya: huinamia mbele, kifua kikakaribia magoti, akahesabu kimya, akarudi. Alifanya hivyo mara nne katika kipindi kimoja na ni sasa tu tunaiona, baada ya wiki saba za kukaa naye meza moja.

Jambo la mwisho: usimburute mtu. Ngozi hubaki kwenye shuka huku mfupa ukisonga, na vishipa vidogo vya damu hupindika katikati. Shuka la kutelezesha lilinunuliwa kwa kazi hiyo.

Wiki ya 8

Kuvaa shati. Mkono dhaifu huvaa kwanza, huvua mwisho. Wameimba hivyo siku mbili, hawatasahau.

Mtaalamu wa mazoezi alileta saa. Mwanagenzi mmoja aliigiza mtu aliyepooza upande wa kushoto. Mhudumu alipomfanyia kila kitu: dakika 3. Mhudumu alipomwekea shati mapajani, kola kuelekea magotini, akamwacha auvute mkono wa shati kwa mkono mzima, akisaidia tu pale kitambaa kilipokwama kwenye kiwiko: dakika 17. Vifungo viwili vya juu vilichukua dakika 5 peke yake.

Nilitazama nyuso. Baadhi yao walikuwa wanahesabu: watu wanane kwa zamu ya asubuhi, mara 17.

Mtaalamu hakuikimbia hesabu hiyo. Aliwaambia kwamba misuli isiyotumika kitandani hupungua kwa siku chache tu, na kwamba mtu anayevishwa kila asubuhi kwa dakika 3 baada ya miezi michache hatakuwa na mkono wa kuvutia shati. Atahitaji watu wawili kumwinua. Muda uliookolewa asubuhi unalipwa baadaye, na anayeulipa kwanza ni yule mzee.

Wiki ya 9

Tumepata tukio.

Zoezi lilikuwa kumhamisha mtu kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Kiti kinawekwa upande wenye nguvu, kwa pembe kidogo na kitanda, breki zote mbili zimefungwa, ubao wa miguu umeondolewa. Breki ya kulia haikufungwa. Mwanagenzi aliyeigiza mgonjwa alipoanza kuketi, kiti kilizunguka, akateremka hadi sakafuni akiwa ameshikwa na mshipi. Hakuumia. Lakini alitetemeka, na aliyekuwa mhudumu alilia.

Nawajibika mimi. Tulikuwa na jozi saba zikifanya kazi kwa wakati mmoja na wasimamizi wawili. Kuanzia leo kazi ya kuhamisha mtu haifanywi na zaidi ya jozi tatu, na msimamizi anagusa breki zote mbili kwa mkono wake kabla ya kusema "endelea".

Tuliitumia kufundisha kuandika taarifa. Za kwanza zilisema "mwenzetu alizembea" na "mgonjwa aliogopa akaanguka". Muuguzi alizirudisha zote. Andika ulichokiona na saa yake, hukumu iache. Iliyokubalika ilisomeka hivi: "Saa 4:20 asubuhi. Breki ya kulia ilikuwa wazi. Kiti kilizunguka alipoanza kuketi. Alishushwa sakafuni kwa mshipi. Anasema hana maumivu. Hakuinuliwa mpaka muuguzi alipomkagua." Yule aliyelia ndiye aliyeiandika.

Wiki ya 10

Ugonjwa wa kusahau. Wanagenzi wengi walikuja wakiamini ni sehemu ya uzee. Sivyo: ni maradhi ya ubongo, na aina yake iitwayo Alzheimer huchangia takriban asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Wazee wengi hawayapati kamwe.

Tuliigiza mama anayesimama mlangoni jioni akiuliza mamake yuko wapi. Mwanagenzi wa kwanza akamjibu kwamba mamake alishafariki. Mama akaangua kilio, kama aliyepokea msiba papo hapo. Wa pili akamdanganya kwamba yuko njiani. Mama akakaa mlangoni kumngoja. Wa tatu, msichana mkimya ambaye sikumsikia tangu wiki ya 5, akasimama kando yake mlangoni na kusema, "Mamako alikuwa mtu wa namna gani?" Wakazungumza. Baada ya muda wakawa wanatembea kurudi ndani pamoja. Hakuna aliyemfundisha hivyo.

Lakini somo lililonifanya niongeze siku moja nzima ni tofauti kati ya kusahau na kuchanganyikiwa kwa ghafla. Ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri jana na leo hajui yuko wapi, au amelala usingizi mzito mchana kutwa, huyo ana jambo jingine mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya, choo kilichofunga. Iripotiwe siku hiyohiyo. Neno "uzee tu" tumelipiga marufuku kwenye taarifa zetu. Mwanagenzi mmoja alibaki baada ya kipindi akaniambia kuhusu babake. Sitayaandika hapa.

Wiki ya 11 na 12

Wako kazini. Nawatembelea kila siku ya pili.

Kituo kimoja walikopelekwa wanne kilikuwa na mhudumu mmoja kwa watu 14 asubuhi. Mwanagenzi wetu alipomngoja bibi mmoja afunge vifungo vyake, alivutwa kando na kuambiwa kwamba huko darasani walidanganywa. Jioni alinipigia simu. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka: "Mwalimu, dakika 17 huku hazipo."

Sikuwa na jibu zuri usiku ule. Asubuhi tulikaa wote wanne. Muuguzi, aliyeishi maisha hayo, ndiye aliyetuvusha. Alisema hakuna zamu isiyo na nafasi ya hata kifungo kimoja. Chagua kwa kila mtu jambo moja la siku atakalolifanya mwenyewe, na mtu mwenyewe ndiye achague. Kwa mmoja ni kunawa uso, kwa mwingine ni kushika kikombe. Mengine msaidie upesi, kwa adabu, ukimwambia unachofanya. Tumewapelekea wanagenzi hilo, na tumekiandikia kituo kuhusu idadi ya wahudumu. Hilo la pili si la mwanagenzi kulibeba.

Mmoja ameacha. Alisema wazi kwamba hawezi kazi ya kinyesi na mkojo, alijaribu wiki mbili na hakuweza. Tumemshukuru kwa ukweli wake. Wiki ijayo tutawaletea waombaji wa kundi la pili somo la kubadilisha nepi ya mtu mzima kabla ya kujiandikisha, si baada.

Wiki ya 13

Mshauri wetu amerudi kwenye orodha yangu ya ukutani. Alikuwa ametumia siku tatu na wanagenzi wawili nyumbani kwake.

"Rudisha kulisha," akasema.

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyelifuta.

Akaeleza. Mwanagenzi mmoja, kwa kuogopa kumfanyia, alimwekea kijiko mkononi na kungoja. Mikono yake haishiki kijiko, na anajua hivyo tangu utotoni. "Alikuwa ananisaidia kula kama ulivyoandika, na chakula kilipoa. Mimi hulishwa. Sioni aibu. Nguvu zangu naziweka kwenye kazi yangu na watu wangu, si kwenye kijiko. Ninachotaka ni aniulize mimi ni kipi nafanya na kipi nafanyiwa, kisha kasi iwe yangu."

Wiki ya 2 nilibadilisha vitenzi nikadhani nimemrudisha mtu kwenye sentensi. Nilikuwa nimemwamulia tena, safari hii kwamba lazima ajifanyie. Vichwa vya masomo sasa vina vyote viwili: kulisha na kusaidia kula, kuvisha na kusaidia kuvaa. Ukurasa wa kwanza wa kila somo ni mmoja, una swali moja la kumuuliza mtu kabla ya kumgusa: "Hapa unafanya nini mwenyewe, na mimi nifanye nini?" Chini yake kuna maelekezo kwa wasioweza kusema: kadi za picha, kupepesa macho, kumtazama uso, kuuliza anayemjua. Muuguzi alisoma, akatia sahihi bila neno.

Wiki ya 14

Tathmini. Kila mwanagenzi alipewa chumba, mtu na dakika 40. Wanaotoa alama walikuwa wanne, wawili wao ni wanaohudumiwa: mshauri wetu na yule mwalimu mstaafu wa wiki ya 5. Alama zao zilikuwa nusu ya zote.

Kati ya 13, wamefaulu 11. Wawili watarudia. Mmoja alisahau breki. Wa pili alikuwa na mikono stadi kuliko wote, alimgeuza mtu kwa pembe sahihi ya nyuzi 30, mito ikakaa chini ya vigimbi, visigino vikaelea, hakukosea hatua. Hakumsemesha hata mara moja. Mwalimu mstaafu ndiye aliyekuwa kitandani, na alimpa sifuri kwenye sehemu yake. Muuguzi alitaka tumpitishe. Tulipiga kura, tatu kwa moja, arudie. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kwenda kumwona Mwalimu nyumbani wiki hii, si kwa mtihani. Nimempa namba, baada ya kumuuliza Mwalimu.

Ya kundi la pili: mkanda wa saizi ya kati umefika na umekaguliwa. Mabomba ya milimita 61.5 yameagizwa mengine 10. Picha za ngozi kwenye kitini zinabadilishwa zote, tumeanza kupiga za kwetu kwa ridhaa ya maandishi ya wahusika. Wasimamizi wa zoezi la kuhamisha mtu wanaongezwa kutoka wawili hadi wanne. Msichana mkimya wa wiki ya 10 ameajiriwa, na ameomba awe anakuja Jumamosi kusaidia kufundisha ile siku ya mlangoni.